Fungu Mikononi mwa Nani? Ubia wa Wanajamii na Watafiti wa Vyuo Vikuu katika Afya ya Tarime na Serengeti

Ubia wa utafiti wa afya ni mpango ambamo kikundi cha wanajamii na watafiti wa chuo kikuu hutumia fungu moja la fedha kutafuta jibu la tatizo linalowagusa watu wa mahali fulani, kila upande ukiwa na sauti katika kuchagua swali, katika kupanga matumizi na katika kuamua matokeo yatatumiwaje. Mpango wa namna hiyo hutofautiana na utafiti uliozoeleka vijijini, ambamo wanakijiji huombwa ridhaa, hutoa damu au majibu ya dodoso, hulipwa nauli na posho ya siku, kisha hawaonekani tena popote katika mchanganuo wa bajeti. Kati ya ncha hizo mbili kuna daraja nyingi, na maandiko mengi ya miradi, yaani maombi ya fedha yanayopelekwa kwa wafadhili, hutumia lugha ya ubia huku yakigawa fedha kwa utaratibu wa zamani.

Wilaya za Tarime na Serengeti, mkoani Mara, ni mahali pazuri pa kulichunguza jambo hili. Katika eneo hilo moja, kuanzia kata za mji wa Tarime kama Nkende hadi vijiji vinavyopakana na Hifadhi ya Taifa ya Serengeti, matatizo matatu ya afya yamevuta watafiti kwa miaka mingi: maji yanayohofiwa kuchafuliwa na mgodi wa dhahabu wa North Mara huko Nyamongo, kichaa cha mbwa, na ukeketaji. Fedha za kuyachunguza zilipita njia tatu tofauti, na tofauti hiyo ya njia hueleza mengi kuhusu kilichofanikiwa na kilichokwama. Hoja inayotetewa hapa ni kwamba nia njema ya watafiti ina uzito mdogo kuliko inavyodhaniwa. Kinachoamua thamani ya ubia ni nani anayeshika fungu, na zaidi ya hapo, ni nani anayebaki na kazi pamoja na zana fungu linapokwisha.

Wazo lenyewe si geni Tanzania. Mwaka 1973 Taasisi ya Elimu ya Watu Wazima iliendesha kampeni ya Mtu ni Afya, ambayo kwa njia ya redio na vikundi vya kujifunza iliwafikia watu wapatao milioni 2, na wanazuoni waliokuwa wakifanya kazi Dar es Salaam wakati huo, akiwamo Budd Hall wa taasisi hiyo na Marja-Liisa Swantz kutoka Finland, ni miongoni mwa walioanzisha kile kilichokuja kujulikana duniani kama utafiti shirikishi, yaani utafiti ambao wanaochunguzwa ni wachunguzi pia. Mradi wa Jipemoyo, ulioendeshwa katika eneo la Bagamoyo katika nusu ya pili ya miaka ya 1970, ulikuwa zao la fikra hizo. Hata hivyo, fedha za Jipemoyo zilitoka katika taasisi za Finland na za serikali ya Tanzania, wala hazikuwa za vijiji vyenyewe. Ushirikishwaji ulikuwa wa fikra na wa kazi, na haukufika kwenye fedha. Urithi huo umedumu kuliko watu wengi wanavyokiri, kwa sababu hadi leo mtafiti anayesifiwa kwa kusikiliza wanakijiji anaweza kumaliza mradi wake wote bila kuwaonyesha bajeti hata mara moja.

Nyamongo ilileta mpangilio wa kinyume, nao unastahili kuangaliwa kwa makini kwa kuwa ni nadra. Mwezi Mei 2009 maji yenye asidi yalivuja kutoka eneo la mgodi na kuingia Mto Tigithe, ambao humwaga maji yake katika Mto Mara. Mwenye mgodi alieleza kwamba uvujaji ulisababishwa na wizi wa plastiki iliyotandikwa katika bwawa la kuzuia maji hayo, ilhali wanakijiji walilalamikia vifo vya mifugo na magonjwa ya ngozi. Taasisi za dini, ambazo tayari zilikuwa zimeungana kufuatilia sekta ya madini, kwa maana ya Jumuiya ya Kikristo Tanzania, Baraza la Maaskofu Katoliki Tanzania na BAKWATA, zilikuwa mwaka uliotangulia zimetoa ripoti kuhusu mapato ya dhahabu kwa msaada wa mashirika ya makanisa ya Norway na Uingereza. Baada ya tukio la Tigithe, Jumuiya ya Kikristo iligeukia swali la sumu, na watafiti wa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam pamoja na wa Chuo Kikuu cha Sayansi ya Uhai cha Norway wakapima udongo, mashapo na maji kutafuta metali nzito kama aseniki na risasi, pamoja na sianidi. Ripoti zilizotolewa mwaka huo zilionyesha viwango vya kutia wasiwasi karibu na mgodi, hasa vya aseniki.

Katika mpangilio huo aliyeuliza swali alikuwa taasisi ya kijamii, na chuo kikuu kilikuwa kimeitwa kujibu. Faida yake ilionekana mara moja: swali lilikuwa lile lile walilokuwa nalo watu wa kando ya mto, tena liliulizwa wakati bado lina moto, jambo ambalo ruzuku za kawaida za kitaaluma, zinazochukua mwaka mzima au zaidi kati ya andiko na fedha, haziwezi kulifanya. Upungufu wake nao ulijitokeza, na ulikuwa wa kisayansi kabla ya kuwa wa kisiasa. Miamba yenye dhahabu mara nyingi hubeba aseniki ya asili, hivyo sampuli za msimu mmoja haziwezi kutenganisha kwa uhakika kilichotoka mgodini na kilichokuwapo ardhini tangu zamani. Kutenganisha huko kunahitaji vipimo vya kabla ya uchimbaji, pamoja na vipimo vinavyorudiwa mahali pale pale, masika na kiangazi, kwa miaka kadhaa. Taasisi ya dini inaweza kulipia uchunguzi mmoja. Kulipia ufuatiliaji wa miaka 10 ni mzigo wa aina nyingine kabisa. Tena, hata katika mpangilio huu, fungu lilishikwa na makao makuu ya taasisi za kitaifa na wafadhili wao wa Ulaya, wala si na kikundi chochote cha Nyamongo, ingawa ni haki kusema kwamba mtandao wa makanisa na misikiti ulikuwa na watu wake vijijini kwa namna ambayo chuo kikuu hakina.

Pengo la ufuatiliaji lilikuja kuonekana wazi baadaye. Mwezi Mei 2019 Baraza la Taifa la Hifadhi na Usimamizi wa Mazingira, NEMC, liliutoza mgodi faini ya shilingi bilioni 5.6 kwa sababu ya uvujaji wa bwawa la topesumu, yaani bwawa linalohifadhi mabaki ya mawe yaliyosagwa na kemikali baada ya dhahabu kutolewa, na Julai mwaka huo likazuia matumizi ya bwawa hilo. Kisha Machi 2022 samaki walielea wamekufa katika Mto Mara na maji yakabadilika rangi. Serikali iliunda kamati ya wataalamu iliyoongozwa na profesa wa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, nayo ikaeleza kwamba chanzo kilikuwa kinyesi na mkojo wa mifugo pamoja na mimea iliyooza, vitu ambavyo vikioza kwa wingi humaliza hewa ya oksijeni ndani ya maji. Wengi waliipokea taarifa hiyo kwa shaka, wengine kwa kejeli. Kejeli hiyo haikuwa na haki yote kwa upande wa sayansi, kwa sababu utafiti uliochapishwa mwaka 2018 kuhusu sehemu ya juu ya mto huo huo, upande wa Kenya, ulikuwa umeonyesha kwamba kinyesi cha viboko kinachosombwa na mafuriko kinaweza kuua samaki kwa njia hiyo hiyo. Jibu la kamati lingeweza kuwa sahihi na bado lisiaminike, na ndivyo ilivyokuwa: pasipo vipimo vya miaka iliyotangulia vilivyo mikononi mwa watu wa mtoni wenyewe, mwananchi wa Kirumi, kando ya mto huo, au wa Nyamongo alikuwa akiombwa kuchagua kati ya neno la dola na hofu yake mwenyewe.

Upande wa kichaa cha mbwa, fedha zilitoka mbali zaidi na bado kazi ikaota mizizi, na sababu zake zinafaa kuelezwa kwa kirefu. Kichaa cha mbwa ni ugonjwa wa virusi ambao, dalili zikishaonekana kwa binadamu, huua karibu kila mara, na ambao huzuilika kwa kuchanja mbwa. Kati ya 1996 na 2001 mbwa wa wilaya ya Serengeti walichanjwa katika kampeni zilizofuatiliwa na watafiti waliohusishwa na vyuo vikuu vya Uingereza, na matokeo yaliyochapishwa mwaka 2003 yalionyesha kwamba visa kwa mbwa vilipungua kwa asilimia 70 baada ya kampeni ya kwanza na asilimia 97 baada ya ile ya pili, huku mahitaji ya tiba kwa watu walioumwa yakishuka pia. Tangu 2003 mpango wa Afya Serengeti, ulioanzishwa kwa mchango mkubwa wa bustani ya wanyama ya Lincoln Park ya Chicago, umekuwa ukichanja mbwa katika vijiji vinavyozunguka hifadhi. Sababu ya awali haikuwa watu peke yao: mwaka 1994 ugonjwa wa distempa, unaotoka kwa mbwa, uliua takriban theluthi moja ya simba wa Serengeti, na wafadhili wa uhifadhi walikuwa tayari kulipia chanjo ya mbwa kwa ajili ya simba. Mtu anaweza kusikitika kwamba simba alifungua pochi ambayo mtoto aliyeumwa na mbwa hakuifungua. Lakini mtoto huyo naye alinufaika, na ubia hauhitaji pande zote kuwa na nia moja ilimradi kazi inayofanyika ni moja.

Tatizo lililobaki lilikuwa la mwendo wa idadi ya mbwa. Mbwa wa vijijini huzaliana haraka na hufa mapema, kwa hiyo kampeni inayofika mara moja kwa mwaka huacha kinga ikishuka mwezi hadi mwezi kadiri watoto wasiochanjwa wanavyozaliwa, na kulirudisha gari la wilaya, pamoja na posho na mafuta yake, ni gharama inayokwamisha mpango mara tu mfadhili anapochelewa. Utafiti uliochapishwa mwaka 2016, uliofanywa na wanasayansi wa Chuo Kikuu cha Jimbo la Washington pamoja na wenzao wa Tanzania, ulionyesha kwamba chanjo moja inayotumika sana haikupungua nguvu ilipowekwa katika nyuzi joto 25 kwa miezi 6 au nyuzi joto 30 kwa miezi 3. Ugunduzi huo unaoonekana mdogo ulibadilisha hesabu ya madaraka. Chanjo iliyofungwa kwenye jokofu la wilaya sasa ingeweza kukaa kijijini, ndani ya chombo cha kupoozea kilichotengenezwa kwa vifaa vya hapa hapa, mikononi mwa afisa mifugo wa kata na mwanakijiji aliyechaguliwa na kufundishwa. Jaribio kubwa lililofuata mkoani Mara, lililofadhiliwa na Taasisi za Taifa za Afya za Marekani, lilikusudia kulinganisha njia hizo mbili, ile ya timu inayokuja mara moja kwa mwaka na ile ya wenyeji wanaochanja mwaka mzima, na lilijengwa juu ya kazi ya awali iliyoonyesha kwamba wenyeji wanaweza.

Fedha za jaribio hilo hazikuhamia kijijini. Zilibaki katika mkondo wa chuo kikuu cha Marekani. Kilichohamia kilikuwa kazi, chanjo, chombo, na haki ya kuamua siku gani nyumba fulani itembelewe, na kwa upande wa afya hayo yalikuwa na uzito kuliko uwakilishi wa jina katika kamati ya ushauri. Kamati za namna hiyo zina nafasi yake, na mtandao wa wawakilishi wa jamii uliojengwa na kituo cha utafiti cha Kilifi, Kenya, tangu katikati ya miaka ya 2000 umewapa watafiti maonyo mengi ya mapema. Ila mwakilishi anayesikilizwa bado hana cha kufanya mradi unapofungwa, ilhali mchanjaji mwenye ujuzi anacho.

Mkondo wenyewe wa fedha unahitaji kufafanuliwa, kwa kuwa ndani yake ndimo usawa unamopotea bila mtu yeyote kukusudia. Ruzuku ya utafiti hutolewa kwa mtafiti mkuu, yaani mtu mmoja anayewajibika kwa mfadhili, kupitia chuo chake. Chuo hicho huingia mikataba midogo na taasisi za nchi nyingine, na hizo ndizo zinazoajiri, kukodi magari na kulipa posho. Juu ya gharama za kazi huongezwa gharama za uendeshaji, zinazolipia ofisi, umeme, wahasibu na maabara. Kwa miaka mingi Taasisi za Taifa za Afya za Marekani ziliwekea gharama hizo za vyuo vya nje ya nchi hiyo kikomo cha asilimia 8 ya gharama za kazi, ilhali vyuo vikuu vingi vikubwa vya Marekani vimekuwa vikipata kiwango kinachozidi asilimia 50. Taasisi ya Tanzania inayopokea asilimia 8 haiwezi kumlipa mhasibu wa kutosha, kwa hiyo ripoti zake za fedha huchelewa, na kuchelewa huko hutumika kama ushahidi kwamba haiwezi kuaminiwa na fungu kubwa zaidi. Kikundi cha kijiji, kilicho chini ya taasisi hiyo katika ngazi, hakipati gharama za uendeshaji kabisa. Hulipwa kwa shughuli: mkutano huu, posho hii, maji na soda. Tena sheria hudai mengi kutoka kwake, kwani kibali cha utafiti hutolewa na Tume ya Sayansi na Teknolojia, kibali cha maadili hutoka Taasisi ya Taifa ya Utafiti wa Magonjwa ya Binadamu, na kanuni za mashirika yasiyo ya kiserikali za mwaka 2018 ziliyataka mashirika kuwasilisha serikalini mikataba ya fedha zinazozidi shilingi milioni 20. Masharti hayo yana sababu zake. Lakini ni chuo kikuu tu chenye watu wa kuyashughulikia kila siku, na kwa hiyo ni chuo kikuu tu kinachoonekana kustahili kushika fedha.

Ukeketaji huonyesha sura ya tatu, ambamo vikundi vina fedha za huduma lakini havina za utafiti. Kituo cha Masanga huko Tarime na nyumba salama ya Mugumu, Serengeti, huwapokea wasichana wanaokimbia msimu wa ukeketaji, ambao kwa koo nyingi za Wakurya huangukia miezi ya mwisho ya baadhi ya miaka, na vituo hivyo huishi kwa michango ya makanisa, mashirika ya kimataifa na watu binafsi. Vinajua mengi: wasichana wanatoka vijiji gani, nani aliwakimbiza, nani alirudi nyumbani na nini kilimpata. Wakati huo huo takwimu zinazotajwa katika kila andiko la mradi zinatoka katika utafiti wa kitaifa wa afya na viashiria vya malaria, ambao ulionyesha kwamba wanawake wa Mara waliokeketwa walikuwa asilimia 32 mwaka 2015–16 na asilimia 28 mwaka 2022. Takwimu ya mkoa haitofautishi koo wala kata, na hupima wanawake wa umri wa miaka 15 hadi 49 kwa pamoja, hivyo husema zaidi kuhusu misimu iliyopita kuliko msimu ujao. Kumbukumbu za nyumba salama zingeweza kuziba pengo hilo zikichambuliwa na mtafiti mwenye ujuzi wa takwimu na wa faragha. Kinachotokea mara nyingi ni mtafiti kuja kuhoji wasichana kwa ajili ya tasnifu yake, na kituo kumpatia mkalimani, chumba na chakula bila kulipwa.

Hapa pia ndipo swali gumu la ubia linapojitokeza, nalo ni nani aitwe jamii. Miongoni mwa Wakurya, inchama, baraza la siri la wazee wa mila, na ritongo, mkutano wa hadhara wa ukoo, vimekuwa na nguvu ambayo ofisi ya kijiji huifuata mara nyingi kuliko inavyokiri, na mtafiti wa maji au wa mbwa asiyepita kwao hujikwamisha mwenyewe. Lakini katika suala la ukeketaji wazee hao hao ndio wanaotangaza msimu, na kuwapa fungu au hata kura katika kuchagua swali kungekuwa kuwafunga mdomo wasichana. Hakuna kanuni moja inayofaa pande zote mbili. Anayedai kwamba ubia na jamii ni ubia na viongozi wake amechagua tayari upande, na kwa upande wa afya ya wanawake wa Mara amechagua vibaya. Kikundi cha akina mama chenye wanachama 15 na akaunti ya benki kinaweza kuwa mbia wa kweli zaidi kuliko baraza linaloheshimiwa na ukoo mzima.

Vikundi kama hivyo vipo, na vingi tayari vimesajiliwa, kwa sababu ambayo haihusiani na utafiti hata kidogo. Sheria ilizitaka halmashauri kutenga asilimia 10 ya mapato yao ya ndani kwa mikopo isiyo na riba kwa vikundi vya wanawake, vijana na watu wenye ulemavu, na ili kupata mkopo huo kikundi hulazimika kuwa na katiba, viongozi na akaunti. Vivyo hivyo, tangu mwaka wa fedha 2017/18 fedha za mfuko wa pamoja wa afya hupelekwa moja kwa moja katika akaunti za vituo, na zahanati ya kijiji ina kamati ambayo wanakijiji ni wajumbe wake. Dai la kwamba hakuna mahali salama pa kuweka fedha ngazi ya chini lilikuwa na nguvu zaidi miaka 20 iliyopita. Chuo kikuu kinachotaka kweli kugawana fungu kinaweza kuandika katika andiko lake mkataba mdogo na kamati ya zahanati au na kikundi kilichosajiliwa, pamoja na gharama za uendeshaji za kumlipa mweka hazina, badala ya orodha ya posho.

Swali la chanzo cha fedha limekuwa kali zaidi tangu 2025. Mapema mwaka huo Marekani ilisimamisha kisha kulivunja shirika lake la misaada, USAID, ambalo ndilo lililokuwa likigharimia programu ya tafiti za kitaifa zilizotoa asilimia za Mara zilizotajwa hapo juu, na Mei mwaka huo Taasisi za Taifa za Afya za nchi hiyo zikatangaza kusitisha utaratibu wa mikataba midogo na taasisi za nje, yaani mkondo wa aina ile ile uliobeba fedha za jaribio la kichaa cha mbwa. Hakuna uamuzi wowote kati ya hayo uliotokana na kosa lililofanywa Serengeti au Tarime.

Fedha za ndani zipo, nazo ziko karibu na mto kuliko za Washington. Marekebisho ya Sheria ya Madini ya mwaka 2017 yanamtaka mwenye leseni ya madini kuandaa kila mwaka mpango wa wajibu wake kwa jamii na kukubaliana na halmashauri husika kuhusu mpango huo, na kwa upande wa North Mara mipango hiyo imekuwa ya mabilioni ya shilingi, sehemu kubwa ikienda kwenye madarasa, zahanati, barabara na visima. Majengo huonekana na hufunguliwa kwa utepe. Vipimo vya maji vinavyorudiwa kila masika na kila kiangazi havina utepe wa kukata. Ipo pia hatari halisi ya mgongano wa masilahi, kwani mgodi utakuwa unalipia uchunguzi wa mgodi, na mwanakijiji aliyeikataa taarifa ya 2022 ataikataa na ya vipimo hivi ikiwa fedha zitatoka mgodini moja kwa moja hadi maabara. Hatari hiyo hupungua fedha zikipitia halmashauri kama fungu lililotengwa kwa miaka kadhaa, mikutano mikuu ya vijiji ikichagua wanaochukua sampuli, chuo kikuu kikiwafundisha namna ya kujaza na kufunga chupa na kikibaki na nakala ya kila sampuli, na sehemu ya sampuli ikipimwa mara mbili katika maabara mbili tofauti, mojawapo ikiwa ya Mkemia Mkuu wa Serikali, Kanda ya Ziwa, Mwanza. Huenda mpangilio huo usingegharimu zaidi ya jengo moja la darasa kwa mwaka, na kinachokosekana ili uanze ni diwani wa kuupeleka kwenye kikao cha mpango ujao, pamoja na mtafiti aliye tayari kuwa mwajiriwa wa wanakijiji badala ya kuwa mgeni wao.